Jina lako liko kwenye daftari ya nani?

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Wamaza, pamoja na wale waliotoka Kasongo na Kabambare

 

Neno la leo ni makaratasi. Fishi, rejista, liste, etiketi, namba ya matrikile. Tunajua wengine wenu mnawaza: hayo ni mambo ya biro, sisi tunatafuta kazi na usalama. Ngojeni kidogo. Mwalimu ambaye hajalipwa, mchimbaji ambaye gunia yake imekataliwa, mtoto ambaye alikosa chanjo: mara mingi kila mmoja wao ameumizwa na karatasi fulani. Iliandikwa vibaya, ao haikuandikwa, ao iliandikwa vizuri lakini haikufika.

Kwenye vyuo vikuu vya ngambo kuko masomo mazima juu ya jambo hili. Wanaiita sisteme ya habari ndani ya makampuni na mashirika, na watu wanapata udaktari ndani yake. Wanauliza: ndani ya kampuni, hospitali ao biro ya serikali, nani anaandika nini? Habari inapita wapi? Nani anaisoma, na nani anakata maamuzi kwa kuifuata? Komputa inakuja nyuma ya maswali haya. Unaweza kuwa na komputa mia na usiwe na sisteme. Unaweza kukosa hata moja na kuwa nayo.

Mama anayeuza mawese sokoni na daftari yake ya madeni, huyo eko na sisteme ya habari. Ni yeye anaandika, ni yeye anasoma. Mdeni akikataa, wanafungua ukurasa pamoja, wanabishana, wanasahihisha palepale mbele ya watu. Tafadhali shikeni daftari ya huyu mama, juu njo tutapimia zingine.

Richard Heeks, profesa wa Chuo Kikuu cha Manchester kule Uingereza, amechunguza inchi kama yetu kwa miaka mingi. Katika 2003 alikadiria kwamba, kati ya mipango ya serikali za inchi zinazoendelea ya kuingiza komputa kazini, karibu 35 kwa mia ilianguka kabisa, 50 kwa mia ilianguka nusu, na 15 kwa mia tu njo ilifika pale ilipotaka kufika. Maelezo yake si magumu. Kati ya yule anayechora mpango na mahali mpango utatumikia, kuko shimo. Mchoraji amekaa kwenye biro yenye moto na rezo, anawaza kila mtu eko na moto na rezo. Anawaza mwenye kujaza fishi eko na kalamu, wakati, na mshahara wa kumfanya aijaze vizuri. Shimo likiwa kubwa, mpango unatumbukia. Sisi tunaongeza kitu kimoja: gharama ya lile shimo hailipwi na mchoraji.

Tuchukue mshahara wa mwalimu. Mbele ya 2011 pesa ilisafiri kwa mikono, kutoka Kinshasa mpaka jimbo, kutoka jimbo mpaka teritware, mpaka kwa direktere wa shule, na kila mkono uko na vidole. Mwaka wa 2011 serikali ikaanza kuwalipa watumishi wake kwa njia ya banki. Waziri wa fedha wakati ule alikuwa Matata Ponyo, mtoto wa Maniema. Wazo lilikuwa zuri, na tunalisema bila haya: jina moja, konti moja, mshahara mmoja, hakuna mkono katikati.

Lakini banki haziko porini. Ikabidi kutafuta Caritas na makampuni ya simu ili pesa ifike kule banki haifiki. Watafiti wawili, Cyril Brandt na Tom De Herdt, walichapisha katika 2020 utafiti juu ya mageuzi haya ya malipo ya walimu wa Kongo. Wanaonyesha kwamba mwalimu wa mjini na mwalimu wa kijijini hawakufikiwa kwa namna moja. Wewe ambaye baba yako ao mama yako anafundisha mbali na mji, huyu hakukufundisha kitu kipya: siku za kutembea, pesa ya pikipiki, chakula cha njiani, kulala kwa watu, mstari mrefu, kisha unaambiwa rezo hakuna, urudi kesho. Yote hiyo inatoka ndani ya mshahara uleule. Karatasi ya Kinshasa inaandika: amelipwa yote. Na karatasi haisemi uongo. Ni mfuko wa mwalimu njo unasema ingine.

Kisha tuangalie liste yenyewe. Mwanzoni mwa 2023 IGF, ile inspeksio kuu ya fedha za serikali, ilitangaza matokeo ya kuchunguza liste ya mishahara ya watumishi wa serikali wa inchi nzima. Ilikuta watu 145.604 wenye namba ya matrikile isiyo sahihi ao ya kutungwa tu. Hasara yote iliyohesabiwa, pamoja na makosa mengine ya liste, ilipita miliari 148 za franka kila mwezi. Kila mwezi, wandugu! Na hiyo ni zaidi ya miaka kumi tangu banki iingie. Banki ilijibu swali moja: pesa imefika kwa mwenye konti? Hakuna aliyeiomba ijibu swali lingine: mwenye konti ni mtu?

Upande wa pili wa karatasi ileile kuko watu wenye nyama na damu ambao hawamo. Ni wale walimu wanaoitwa N.U., nouvelles unités. Wanashika chaki kila asubuhi, lakini liste ya malipo haiwajui. Zamani waliishi kwa pesa ya wazazi. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure. Jambo hilo tunalikubali na tutalitetea. Lakini mwalimu asiyemo kwenye liste alipoteza pesa ya wazazi bila kuokota ya serikali. Kumbe mtu ambaye hayuko anakula kwa jina lake, na mtu ambaye yuko anakosa jina la kula nalo.

Sababu gani haisahihishwi? Fuateni njia ya karatasi. Direktere anajaza fishi. Inapanda su-divizio, inapanda jimbo, inapanda Kinshasa. Inaporudi, hairudi kama karatasi. Inarudi kama pesa, ao kama kimya. Mwalimu hajui kosa liko wapi: ni tarehe ya kuzaliwa? Ni herufi moja ya jina, Mwamba na Muamba? Ni mtu aliyemuondoa ili amuweke shemeji yake? Kwa mama wa sokoni kosa kama hilo linamalizika kwa dakika tano. Hapa linaweza kula ujana wa mtu.

Sasa tuseme juu ya kitu ambacho vijana wengi wa hapa hawakijui, na inatuuma, sababu madaktari wa mbali wanakijua. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1970, Taasisi ya Magonjwa ya Inchi za Joto ya Antwerp, kule Ubelgiji, ilifanya utafiti mkubwa hapa kwetu Kasongo, pamoja na wauguzi na wagonjwa wa hapa. Unaitwa Projet Kasongo mpaka leo kwenye vitabu vya afya ya umma. Swali lilikuwa hili: namna gani unapanga huduma ya afya kwa watu wa vijijini, pesa ikiwa kidogo na madaktari wakiwa wa kuhesabu kwa vidole? Jibu lililojaribiwa hapa: vituo vya afya karibu na watu, muuguzi anayewajua wagonjwa wake, na hospitali moja ya kupokea wale wanaozidi nguvu ya kituo. Mkisikia leo kwamba Kongo iko na zone za afya 519, jueni kwamba Kasongo ni moja ya sehemu ambamo wazo hilo lilijaribiwa kabla halijaandikwa kwenye sheria.

Kinachotuvuta sisi leo ni karatasi zao. Kila mgonjwa alikuwa na fishi yake, na fishi ilibaki kituoni. Ukirudi, muuguzi anaitoa, anasoma ulikuwa na nini, ulipewa nini. Kisha kulikuwa na njia ya kupanga fishi kwa tarehe ya kurudi, kwa wagonjwa wanaopaswa kufuatiliwa muda mrefu, kama wa kifua kikuu. Siku ikifika, mgonjwa akija, fishi inasogezwa mbele. Asipokuja, fishi inabaki palepale ndani ya sanduku, peke yake, na kubaki kwake njo kelele: huyu mtu eko wapi? Nani anaenda kumuona nyumbani? Hakuna komputa, hakuna betri. Karatasi, sanduku, na mtu ambaye kesho asubuhi atasoma kile alichoandika leo.

Tunaomba mrudilie hiyo kichwani, sababu ndani yake muko nusu ya mambo tuliyokuja kusema. Yule aliyeandika ni yule aliyehitaji. Muuguzi hakujaza fishi ili kumfurahisha mkubwa wa Kindu. Aliijaza kwa sababu bila hiyo kazi yake mwenyewe ingeharibika. Fishi ya namna hiyo inajazwa vizuri bila mtu kupiga fimbo.

Na makaratasi yale yalizaa elimu. Mwaka wa 1981, kikundi cha Projet Kasongo kilichapisha katika The Lancet, jarida kubwa la madaktari la London, utafiti juu ya chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo wa miezi 7 mpaka 35. Waliona chanjo inapunguza vifo katika umri ambamo surua inaua zaidi. Waliona pia kama vile sehemu ya faida hiyo inapungua baadaye, mtoto akiendelea kukua. Hapo madaktari wa dunia wakabishana sana. Tafiti zilizofuata, zaidi zile za Peter Aaby na wenzake kule Guinea-Bissau, zilionyesha kwamba chanjo ya surua inaokoa watoto wengi kweli. Kwa hiyo mtu asitoke hapa akisema vijana wamesema chanjo haifai. Pelekeni watoto kwenye chanjo, na mapema.

Tunachosema ni kingine. Watoto wale walikuwa wa mama zetu na nyanya zetu. Habari ilitoka kwenye mikeka ya Kasongo ikafika London, kwa Kiingereza. Mama wa Kasongo angeisoma wapi? Upande wa muuguzi sisteme ilikuwa nzuri, habari ilimrudia. Upande wa mama ilibaki ngambo. Tunawaheshimu wale waliofanya kazi ile, lakini deni hilo liko.

Leo vituo vyetu vinajaza ripoti ya kila mwezi, inaenda kwenye biro ya zone, inaingizwa kwenye programu inayoitwa DHIS2, ambayo ilikuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, kule Norway, na inatumika katika inchi nyingi sana. Ni kitu kizuri, na ni bure. Lakini watafiti wa Oslo wenyewe wamelalamika tangu miaka kwamba hesabu zinakusanywa mingi na zinatumika kidogo pale zilikotoka. Muulizeni muuguzi wa kituo chenu: grafiki ya mwezi uliopita iko ukutani? Kamati ya afya iliiona? Akisema ripoti ilienda tu, mmeshaelewa.

Juu ya madini tutapita mbio, sababu jua linazama na kila mtu hapa ana mjomba mchimbaji wa kumuelezea vizuri kuliko sisi. Julai 2010 Marekani ikapitisha sheria inayoitwa Dodd-Frank, wachimbaji wakaiita sheria ya Obama. Ndani yake mna sehemu inayoomba makampuni yaseme kama bati na madini mengine wanayotumia yanatoka kwenye vita vya Kongo. Septemba ya mwaka ule, rais Kabila akafunga uchimbaji wa mikono katika Maniema na Kivu zote mbili, mpaka Machi 2011. Kisha ikaja sisteme ya ITSCI, inayosimamiwa na shirika la wafanya biashara ya bati lenye makao Uingereza: etiketi ya plastiki yenye namba kwenye kila gunia, uzito ndani ya rejista, na namba inasafiri pamoja na gunia mpaka kwa wayeyushaji.

Mnaona mwelekeo? Mnunuzi wa mbali anaweza kuuliza gunia limetoka wapi. Mchimbaji hawezi kuuliza gunia limeenda wapi, limeuzwa bei gani, na ile ada inayolipwa kwa kila tani imetoka mfukoni mwa nani. Watafiti watatu, Parker, Foltz na Elsea, waliandika katika 2016 kwamba vifo vya watoto wachanga viliongezeka katika vijiji vya karibu na machimbo yaliyoguswa na sheria ile. Kazi ilikatika, pesa ya dawa ikakatika. Na Aprili 2022 shirika la Global Witness likatoa ripoti inayosema etiketi zinatumika kusafisha madini ya machimbo yasiyokubaliwa. ITSCI ilikana. Oktoba ya mwaka uleule, umoja wa makampuni unaosimamia madini safi, RMI, ukaitoa ITSCI kwenye liste ya sisteme unazozitambua.

Etiketi inajua gunia. Haijui kilicho ndani, isipokuwa watu wa kisima wenyewe wawe na haki ya kufungua rejista na kusema: hapana, shimo letu halikutoa uzito huu mwezi huu. Juu ya dhahabu ya Kabambare hatuna mengi. Gunia la bati linahitaji lori. Dhahabu inapita ndani ya mfuko wa suruali, na hakuna etiketi ya kubandika kwenye suruali.

Wazee walio hapa wanacheka, sababu wanaijua hii hadithi. Wakati wa mkoloni, pamba ya lazima iliingia Maniema mapema, na ordonanse ya 1917 ikampa mkubwa nguvu ya kumlazimisha mtu kulima. Mkulima analeta kikapu, mzungu ao karani anasoma mzani, anaandika ndani ya buku yake. Aliyelima hakusoma mzani, hakusoma buku. Alipokea tu kile alichoambiwa ni chake. Mzani wa leo unaitwa programu.

Kwa hiyo tunaomba nini? Tunaomba habari inayopanda kutoka kwetu ishuke tena kwetu, kwa lugha tunayoisoma, pale watu wanaweza kusema "hapa kuna kosa", na kosa liandikiwe tarehe na jina la biro inayopaswa kulisahihisha. Kwa shule: kila mwalimu apate kuona mstari wake mwenyewe kwenye liste, alipwe ao asilipwe, na sababu. Kwa kituo cha afya: hesabu za mwezi ukutani. Kwa machimbo: rejista ya uzito isomwe mbele ya wachimbaji.

Na hapa lazima tubishane kidogo sisi wenyewe, juu tulibishana tulipotayarisha maneno haya na hatukumaliza. Kuko vijana wanasema: tubandike liste yote ya walimu na mishahara kwenye mti wa soko. Wengi wetu tulikataa. Katika hizi teritware zetu kuko watu wenye silaha barabarani, na wanasoma pia. Jina, kiasi na siku ya malipo vikibandikwa pamoja, umewaandikia wezi programu yao ya kazi. Na fishi ya mgonjwa haibandikwi popote, hata kwa nia nzuri. Ile ya jumla ni ya wote, ile ya mtu ni ya mwenyewe. Tunafikiri namba ya walimu kwa kila shule, wanaolipwa na wasiolipwa, inaweza kukaa ukutani bila majina, na kila mtu aonyeshwe mstari wake pembeni. Kama mko na wazo bora, tutalichukua.

Wanafunzi mnaosoma Kindu ao kwingine, acheni kuandika memwari juu ya makampuni ya Marekani ambayo hamtayaona. Fuateni fishi moja tu, ya mwalimu mmoja, kutoka Wamaza mpaka pale inaposimama. Andikeni siku ngapi ilikaa kwenye kila meza. Hiyo itakuwa sayansi, na mwalimu wake atawashukuru.

Sisi tutaanza na shule ambazo madirektere wamekubali. Fishi tuliyotayarisha iko na maswali matano: walimu wangapi wanafundisha, wangapi wako na matrikile, wangapi wanalipwa, wanatembea siku ngapi kwenda kupokea, na lini mara ya mwisho mtu wa biro alikuja kuhakikisha. Jina la mwalimu halimo. Nakala moja inabaki shuleni, moja inaenda su-divizio na inapigwa muhuri ya kupokea, moja tunaishika. Kila miezi mitatu tutarudi hapa na kusoma majibu kwa sauti, hata kama majibu ni kimya.

Fishi ziko kwa wadada wawili pale mlangoni. Anayejua kuandika vizuri abaki tugawane shule. Sasa maswali, na tuanze na mama wa nyuma, mkono wake uko juu tangu tulipotaja pamba.